Itaendelea Wiki Ijayo

Kiingilio kwa Baba Malogo kilikuwa kuni mbili
na miguu iliyokung'utwa vumbi mlangoni.
Kigwe hatukuwa na umeme. Tulikuwa na betri ya lori
iliyopanda baiskeli kila Jumanne kwenda Bahi kuchajiwa,
ikarudi imefungwa mipira kama mgonjwa aliyepona,
nasi tukiisindikiza mbio tangu relini.

Kioo kilikuwa kidogo kuliko ungo,
na siku za upepo
(Kigwe ni siku gani haina upepo?)
kilionyesha chenga tupu, kana kwamba mtu
anapepeta mchele ndani ya sanduku.
Ndipo mmoja wetu alipopanda juu ya tembe
kuuzungusha mlingoti wa antena.
"Hapo! Hapo hapo! Ah, umepitiliza!"
Tulikwenda kwa zamu. Zamu yangu
iliangukia somo la haragwe.

Mwalimu wa kwenye kioo hatukujua jina lake.
Tulimwita Dada wa Saa Kumi na Moja.
Akisema "Hamjambo, watoto?" tuliitika kwa pamoja,
kisha tukanyamaza, ili naye atusikie.
Bibi yangu Wendo, aliyekuja mara moja tu
kuhakikisha kuni zake hazipotei bure,
alimwamkia Kigogo: Mbukwa!
Akangoja.
Dada akaendelea na herufi.
"Msichana mzuri," bibi alisema njiani,
"ila hakufunzwa salamu."

Alhamisi ile, basi, niko juu, jua kisogoni,
mlingoti nimeukumbatia,
na sauti inanifikia kupitia tundu la moshi:
chukua pamba, iloweshe, laza mbegu, weka dirishani.
Chini wanasema Aaa. Chini wanasema Ooo.
"Litatoka jani kama hili. Mnaona kijani chake?"
Nikamsikia Sechelela akijibu kwamba anakiona,
kijani, kwenye kioo cha kijivu,
na Sechelela hakuwa mwongo.

Itaendelea wiki ijayo, Dada akasema.

Wiki ijayo likaja Bunge.
Saa kumi na moja kamili: suti, vipaza sauti,
mwongozo wa Mheshimiwa, taarifa kwa Mheshimiwa,
moja kwa moja kutoka Dodoma mjini,
karibu na kwetu kiasi kwamba, alisema Baba Malogo,
mkipiga kelele sana watawasikia.
Tulipiga kelele. Tulitaka haragwe.
Bunge lilikaa mpaka betri ikafa,
kisha baiskeli ikavunjika fremu,
kisha betri ikauzwa, ada ya Malogo ikalipwa,
na kuni zetu zikarudi kupika mlenda.

Pamba niliichomoa kwenye godoro.
Mbegu niliiba chunguni.
Maji ndiyo yaliyokuwa kesi: Oktoba,
ndoo zinalala foleni kisimani,
na bibi akanikamata na kikombe.
"Unamnywesha nani?"
"Dada alisema."
Alinitazama muda. Akaokota kizibo cha soda.
"Kimoja kwa siku. Na mwambie Dada wako,
huku mbegu hungoja mvua kama watu wengine."

Siku ya sita ganda lilipasuka.
Kikatoka kitu cheupe, shingo kimeiinamisha
kama anayeingia nyumba ya wakwe.
Nikasimama mbele ya dirisha, nikakohoa kidogo,
nikaiga sauti: "Hamjambo, watoto?"
Sechelela akaitika, peke yake, kwa wingi.
Na kutoka jikoni, ndani ya moshi:
"Mbukwa!"
Somo likasimama. Nikamwitikia bibi,
habari za kazi, za mbuzi, za mgongo wake,
mpaka salamu zikaisha zenyewe.

Lile haragwe la Dada sijui kama liliota.
Nimeuliza watu; hakuna anayekumbuka.
Siku hizi naishi mjini, runinga yangu pana kama mlango,
haijui chenga.
Ila upepo wa jioni ukigonga mabati
viganja vyangu hujikunja vyenyewe, vimeshika kitu,
na kule chini kuna watu wanasema Aaa.